Nipo kidato cha tatu, fundi umeme amekubali nijifunze kwake: nianze au nisubiri nimalize shule?

Kijana_Kihonda

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Nina miaka 17, nasoma shule ya kutwa hapa Morogoro. Likizo iliyopita nilimsaidia fundi wa mtaani kwetu anayefanya wayaringi za nyumba mpya: kubeba mabomba, kuchimba ukuta, kuvuta waya. Sasa ameniambia niwe naenda kila Jumamosi na likizo zote, atanifundisha bila ada, na siku za kazi atanipa nauli na chakula.

Kazi hii naipenda kweli. Nataka baadaye nisome VETA, nipate leseni. Baba anasema nikishazoea kushika hela sitashika tena daftari. Mama ananiunga mkono ila anaogopa umeme. Fizikia naipenda, Hisabati inanisumbua.

Nianze sasa au nisubiri? Na nikianza, nikubaliane nini na fundi?

BabaWawili

Marahaba mwanangu. Msikilize mzee. Nimeona vijana waliaga wanaenda Jumamosi tu, kazi zikawa nyingi wakaongeza Ijumaa, mwisho wakawa wanaonekana shule siku ya mtihani. NECTA ya Novemba haiulizi ulikuwa saiti gani. Maliza kidato cha nne, VETA ipo hapo hapo Kihonda, hutahama hata mtaa.

FundiWaMeni

BabaWawili nakuheshimu, ila mimi nasema aanze. Nimefundisha vijana wa umri wake, na waliokuja wakiwa bado shule ndio waliokuwa wepesi kuuliza maswali. Ila kuna mambo sitaki yapuuzwe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mwenye miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa kwenye mazingira hatarishi. Kwako wewe mdogo wangu naitafsiri hivi: fanya kazi kwenye nyumba ambayo haijaunganishwa umeme, basi. Na usidhani unapunjwa, maana nyumba mpya ndiyo yenye mafunzo. Kupanga pointi, kulaza mabomba na boksi, kuvuta waya, kufunga swichi, yote hayo yanafanyika kabla umeme haujafika. Kwenye nyumba yenye LUKU inayosoma, wewe shika tochi na uangalie. Fundi akikwambia "shika tu, nimezima" bila kupima mbele yako, shuka kwenye ngazi. Na testa yenyewe ijaribiwe kwanza penye umeme unaojulikana, ndipo uiamini ikisema hakuna.

Halafu mbane akupe sababu. Kwa nini taa zinapewa waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi 2.5? Kwa nini breka ya ampia 32 haiwekwi kwenye laini ya taa? Breka kazi yake ni kuulinda waya. Ukiweka kubwa, waya mwembamba utaungua ndani ya ukuta na breka imetulia. Wapo watu wa miaka mingi kwenye kazi wanaofunga kwa mazoea, hili hawawezi kukueleza.

Kuhusu shule, baba yako ana hoja nzito kuliko anavyodhani. Leseni za mafundi umeme zinatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja, na vyeti vinaangaliwa. Bila leseni huwezi kusaini fomu ya kuombea umeme TANESCO. Wapo mafundi hodari wanaofanya nyumba nzima, kisha wanamlipa mwingine agonge muhuri. Usijipeleke huko kwa kukimbia kidato cha nne.

Dada_Nyaya

Mdogo wangu, mimi nilianzia kwa mjomba nikiwa sekondari. Leo ni fundi na nina cheti cha VETA. Naongeza ya makubaliano.

Fundi aje nyumbani akae na baba, msikubaliane njiani. Siku iwe Jumamosi na likizo peke yake, na mwezi wa mitihani huendi kabisa, hata kazi iwe ya haraka namna gani. Viatu vya kufunika mguu na miwani ya kuchimbia ukuta nani ananunua? Ukiumia nani anakupeleka hospitali? Haya watu wanaona aibu kuyauliza, halafu yakitokea ni ugomvi.

Uwe na daftari la kazi: tarehe, ulichofanya, mchoro wa sakiti, fundi asaini. Na mama mpeleke saiti siku moja akaone mwenyewe hakuna umeme. Mama yangu aliacha kulia baada ya hapo.

Mwl_Fizikia

Marahaba kijana. Mkondo wa amali (masomo ya ufundi ndani ya sekondari) ulioanza Januari 2024 kwa kidato cha kwanza katika baadhi ya shule ungekufaa sana, ila wewe umeshafika mbali, usihangaike kuhama.

Hisabati ichukue huko huko kazini. Hita ya wati 4,600 kwenye volti 230 inavuta ampia ngapi? Gawanya, utapata 20. Sasa muulize fundi waya gani unaifaa. Kila Jumamosi rudi na hesabu moja ya namna hiyo, na Jumatatu mwonyeshe mwalimu wako.

Kijana_Kihonda

Asanteni sana. Baba nimemsomea yote, amekubali fundi aje Jumapili. Ila kuna jambo: fundi wangu mwenyewe hana leseni, ni kama alivyosema FundiWaMeni, kuna mtu anamgongea muhuri. Ni tatizo?

FundiWaMeni

Kujifunza kulaza mabomba kwake si tatizo. Muulize Jumapili, mbele ya baba: huyo mwenye leseni anafika saiti kupima, au anagonga akiwa mezani kwake? Kama anafika, omba uwepo siku hiyo. Uone mega, kifaa cha kupima kama waya zinavujisha umeme, inavyowekwa kati ya laini na nyutro, kisha laini na athi, volti 500, na usomaji usishuke chini ya megaohmu 1. Kama hafiki, usianze hapo. Niandikie inboksi, Morogoro nawafahamu mafundi wenye leseni wanaopokea vijana.