Nikimaliza kulipa madeni, CRB (kampuni zinazoweka rekodi za mikopo ya watu) wananitoa kwa orodha ya wasiolipa lini?

Habari zenu wadau. Niko na mikopo mitatu ya simu nilishindwa kulipa biashara ya mitumba ilipolala, moja ya benki elfu kumi na nne, moja ya app elfu sita, na nyingine imebaki mia nane tu. Saa hii kazi imerudi kiasi naweza toa kama elfu nne kwa mwezi. Nataka mkopo wa sacco ninunue cherehani lakini wamesema nilete cheti cha CRB cha kuonyesha sidaiwi kwanza. Nianze kulipa gani? Na kuna jamaa Facebook anasema nimtumie elfu tatu afute jina kwa siku mbili, nimpe ama?

Jibu: mama_wawili
Dada tafadhali usimtumie huyo hata shilingi. Rekodi hubadilika wakati aliyekukopesha ametuma taarifa mpya kwa CRB, au CRB wakirekebisha kosa ulilolalamikia, mtu wa kando hana mlango wa kuingilia huko, atakula hiyo elfu tatu na deni libaki palepale. CRB zenye leseni ya Central Bank ya Kenya ni tatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, enda kwao moja kwa moja uitishe ripoti, sheria inakupa moja ya bure kila mwaka. Usilipe chochote kabla hujaiona, maana unaweza pata waliokulisti si wote. Hiyo ya mia nane kwanza haifai kuwa hapo, tangu 2020 deni la chini ya 1,000 halilistiwi, ukiikuta andika malalamiko kwa CRB wairekebishe. Kulipa bado ulipe lakini.

Jibu: Karani wa Nakuru
Naongezea hapo. Mimi ningeanza na ya benki juu ndiyo kubwa. Nenda branch uongee nao kabla ya kutuma pesa, waombe wagawanye hiyo deni kwa miezi unayoweza na wakupe kwa maandishi, ya mdomo hao husahau. Angalia pia riba, Banking Act kifungu cha 44A kinasema mkopo ukishaharibika, yaani umeacha kulipwa, riba haiwezi kupita principal (pesa yenyewe uliyokopa) iliyokuwa imebaki siku hiyo, kwa hivyo wakikuonyesha deni imekuwa mara tatu uliza hesabu. Na lipa kwa paybill ya benki yenyewe, si namba ya ajenti anayekupigia simu.

Jibu: mama_wawili
Karani hapo kwa benki kwanza sikubaliani na wewe, akimaliza mia nane na ile ya app kwa miezi miwili hivi anabaki na mdai mmoja na akili imetulia, hizo simu za wadai zinakula mtu sana.

Jibu: muuliza swali
Asanteni sana. Sasa nikimaliza zote, jina linafutika kabisa?

Jibu: Karani wa Nakuru
Hapana, historia inakaa miaka 5 tangu siku ya kumaliza kulipa, ila inasoma imelipwa. Cheti unapewa, na huyo meneja wa sacco mwambie ukweli mapema mwonyeshe na risiti. Kila ukimaliza moja itisha barua ya kumaliza deni, na baada ya wiki kadhaa angalia ripoti tena, kama bado inasoma unadaiwa wapelekee CRB hiyo barua.