Tuuze shamba mdogo wangu akawekewe kifaa cha ubongo? Naombeni ushauri

BintiNgamiani
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Niko Tanga, Ngamiani. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23. Yalianza akiwa darasa la pili: kupepesa macho, kisha kukohoa wakati hana kifua, kisha mabega. Mwalimu alimchapa sana akidhani ni utundu. Nyumbani alisomewa, akafukizwa, akapelekwa kwa mganga Pangani. Alipofika miaka 17 ndipo daktari akatuambia ni ugonjwa wa Tourette, na kwamba mishtuko ile inaitwa tiki.

Tuliambiwa wengi hupata nafuu wakishavuka ujana. Kwake imezidi. Anarusha kichwa nyuma kwa nguvu kutwa nzima, mpaka usingizi umpitie ndipo nyumba inatulia. Kazi ya ushonaji ameiacha, mkasi ulimkata. Wiki hii anasema vidole vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi.

Mjomba ameona kwenye simu kuwa India wanapasua na kuweka nyaya za umeme ubongoni. Anataka tuuze shamba la machungwa aliloacha marehemu baba Muheza. Mama analia tu. Dawa alishapewa hospitali moja, haloperidol. Siku ya pili shingo ikapinda, akakakamaa, tukaitupa. Naombeni mnishauri, mnunuzi anakuja Jumamosi.

Tabibu_wa_Zamu
Pole sana dada. Shamba liweke pembeni kwanza, nimeshtuka hapo kwenye ganzi. Shingo ikirushwa kwa nguvu miaka mingi inaweza kuumiza uti wa mgongo. Kesho alfajiri mpelekeni hospitali ya Bombo. Mwambieni daktari ganzi imeanza lini, na kama miguu inalegea au mkojo unamsumbua. Hilo halingoji India.

Na ile shingo kupinda siku ya pili ni athari inayojulikana ya haloperidol, ina dawa yake ya kuituliza. Haina maana kwamba dawa zote zimeshindwa. Kuna risperidone, kuna aripiprazole, kuna clonidine ambayo asili yake ni dawa ya presha. Daktari wa neva au wa akili ndiye achague, msinunue wenyewe dukani. Wanaofanya upasuaji huu kwa uangalifu hawamchukui mgonjwa ambaye hajajaribu dawa kadhaa ipasavyo. Mdogo wako amejaribu moja, tena kwa siku mbili.

BintiNgamiani
Asante kaka. Kwa hiyo hicho kifaa ni uongo?

Tabibu_wa_Zamu
Si uongo. Waya nyembamba hushushwa hadi ndani kabisa ya ubongo, mara nyingi pande zote mbili, kwenye sehemu zinazoratibu mienendo ya mwili. Waya mwingine hupita chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye betri iliyofukiwa kifuani, chini ya mtulinga. Umeme mdogo hutuliza ile mizunguko inayosukuma tiki. Madaktari wa Uholanzi walitangaza mgonjwa wao wa kwanza wa Tourette mwaka 1999. Mwaka 2018 zilitolewa takwimu za wagonjwa 185 kutoka nchi 10: baada ya mwaka mmoja, alama za ukali wa tiki zilikuwa zimeshuka kwa wastani wa asilimia 45 hivi. Zimeshuka, dada, hazikuisha. Na wapo wachache waliovuja damu ubongoni au kupata maambukizi.

MzeeRaskazone
Mwanangu, baba yangu mdogo aliwekewa kifaa cha namna hiyo India kwa ajili ya Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Upasuaji tuliuchangia ukoo mzima, ukaisha salama. Hatukuambiwa yanayofuata. Umeme ule haufunguliwi mara moja ukaachwa, hurekebishwa kidogokidogo kwa miezi, na kila rekebisho linataka mtaalamu mwenye mashine yake. Tumekwenda na kurudi mara nne. Betri ikichoka ni kisu tena. Shamba likishauzwa, nauli ya safari ya pili itatoka wapi? Muulize mjomba wako swali hilo kwa adabu, mbele ya mama.

Kijana_wa_Temeke
Mimi ninayo Tourette, niko Dar. Mwambie mdogo wako hana pepo na hajalaaniwa. Kilichonisaidia kuliko vidonge ni mazoezi niliyofundishwa na mwanasaikolojia. Kabla ya tiki huja mwasho fulani, kama chafya inayokaribia. Unajifunza kuusikia, halafu unafanya tendo linaloizuia mpaka mwasho upite. Tiki yangu ya kichwa naizuia kwa kuvuta kidevu chini taratibu huku napumua polepole. Yeye asijaribu kabla shingo haijapimwa. Ilinichukua miezi, na bado siku za wasiwasi zinanirudia.

BintiNgamiani
Nimerudi, jamani. Bombo wamempiga picha, wamemfunga kola, wametupa barua ya rufaa kwenda Muhimbili akapimwe MRI, ile picha ya ndani ya mwili, ya shingo na aonwe na daktari wa neva. Daktari alimsikiliza mwenyewe, si sisi. Alipotoka alinishika mkono akaniambia, "Dada, leo sijaulizwa kwa nini sijizuii."

Mjomba nimemsomea maneno ya mzee, akanyamaza, kisha akampigia mnunuzi asije. Kijana wa Temeke, nitakuandikia faragha unielekeze kwa huyo mwanasaikolojia. Tunapanda basi Kange keshokutwa.