Tupeane uzoefu: Planetariamu ya makumbusho kaskazini ya mbali (Anchorage, Alaska)

Nanga_Kuu:
Wakuu, swali la jinsi ya kuifaidi Thomas Planetarium, ukumbi wa kuba linalooneshwa picha za anga ndani ya Anchorage Museum, linarudi kila majira ya kiangazi wageni wanapoanza kumiminika Alaska. Tuyaweke yanayofaa mahali pamoja. Vitu vya kutumia tu, picha za kujipiga pelekeni kwingine.

Naanza na majira, maana ndiyo yanayoamua kama safari ina maana. Anchorage iko latitudo 61 kaskazini. Kuanzia katikati ya Aprili hadi wiki ya mwisho ya Agosti usiku haufikii giza kamili, na tarehe 21 Juni jua linakaa juu ya upeo zaidi ya saa 19. Mtu anayefika Juni akitaka kuona nyota, kuba la makumbusho ndilo anga pekee atakalopata. Desemba ni kinyume chake: mchana ni kama saa tano na nusu, jua la adhuhuri linainuka nyuzi tano na kitu tu, giza lipo la kumwaga, ila mawingu na baridi vinakunyima. Kwa hiyo kuba lina kazi mwaka mzima, kwa sababu tofauti.

Ratiba ya maonesho hubadilika kwa msimu, iangalieni siku mbili kabla. Thibitisheni pia kama tiketi ya mlangoni inahusisha kuba au kuba lina tiketi yake.

Binti_Kilwa:
Nyongeza kuhusu saa. Tiketi ikiandikwa 2:00 pm ni saa nane mchana, si saa mbili. Inaonekana jambo dogo, lakini onesho likishaanza huenda mlango usifunguliwe tena: mwanga wa korido unaharibu macho ya wote waliokwisha kuzoea giza, na anayeingia gizani anajikwaa kwenye viti. Fika dakika 15 kabla.

Na kwa wanaotaka kupiga simu nyumbani wakitoka: majira ya baridi Anchorage iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 12 kamili. Saa moja usiku kule ni saa moja asubuhi ya siku inayofuata Dar. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba tofauti ni saa 11.

FundiLenzi:
Mahali pa kukaa. Kuba likiwa na viti vinavyoelekea upande mmoja, chukua safu mbili za nyuma, katikati. Picha hutengenezwa kwa kudhani kwamba mtazamaji ana sehemu kubwa ya kuba mbele yake. Ukikaa mbele utakunja shingo na nusu ya onesho itapita nyuma ya kisogo. Kuba likiwa na projekta moja katikati yenye lenzi ya jicho la samaki (lenzi pana sana inayofunika kuba zima), usikae ubavuni mwake, feni inavuma.

Watu hulalamika kwamba nyota "zimenenepa" au mwezi hauna sura. Si uzembe wa mwendeshaji, ni hesabu. Picha ya kuba ni duara la nyuzi 180. Projekta ya kawaida yenye pikseli (nukta za picha) 1080 kwa kimo inagawa nyuzi hizo kwa pikseli 1080, yaani pikseli sita kwa kila nyuzi. Mwezi una upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo unapata pikseli tatu! Mfumo wenye duara la pikseli 4096 unaupa kama 11. Jicho zima linatofautisha vitu vidogo kuliko hapo, ndiyo maana waendeshaji hukuza mwezi na sayari makusudi. Mitambo ya zamani ya Zeiss, kampuni ya Kijerumani, iliyooneshwa mara ya kwanza Deutsches Museum mjini München mwaka 1923, ilipitisha mwanga kwenye vitundu, na kwa ukali wa nukta za nyota mifumo mingi ya kidijitali ya bei nafuu bado haijaifikia. Lakini mitambo ile haiwezi kukutoa duniani ikakupeleka sayari ya Zohali.

Jambo jingine: kuba nyingi hupakwa rangi ya kijivu, si nyeupe. Nyeupe ingerudisha mwanga kutoka upande mmoja hadi mwingine na weusi wa anga ungegeuka maziwa. Kwa sababu hiyohiyo simu moja ikiwaka inaharibu anga lote. Kupunguza mwangaza hakutoshi, izime.

Nanga_Kuu:
@FundiLenzi na kuhusu nini cha kumwomba mwendeshaji aoneshe? Maana filamu iliyorekodiwa utaikuta popote duniani.

Mtazamanyota:
Hapo ndipo penye utamu. Chagua onesho lenye mwendeshaji anayeongea moja kwa moja, si filamu. Kisha mwombe hivi: aweke anga la Dar es Salaam, latitudo 7 kusini, saa tatu usiku, katikati ya Januari. Utaona kundinyota la Orioni karibu na utosi na Kilimia likiwa juu. Sasa aelekee kaskazini polepole bila kubadilisha saa.

Kinachotokea: Nyota ya Kaskazini, ambayo Dar haionekani kabisa, inachomoza upeoni mara tu baada ya kuvuka ikweta, halafu kila nyuzi moja ya safari inaipandisha nyuzi moja, mpaka inasimama kwenye 61. Nyuma yako Suheli, ambayo ramani za nyota huiandika Canopus, inazama. Msalaba wa Kusini nao hauchomozi Anchorage siku yoyote ya mwaka. Kanuni ni rahisi: toa 61 kwenye 90, unabaki na 29. Nyota iliyo kusini ya ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia) kwa zaidi ya nyuzi 29 haionekani. Iliyo kaskazini kwa zaidi ya 29 haizami. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, inaponea chupuchupu, inafika nyuzi 12 tu juu ya upeo.

Kisha aendeshe usiku mzima kwa kasi. Kwetu nyota huchomoza wima na kuzama wima. Kule zinapanda kwa mshazari, na kundinyota la Dubu Mkubwa (Ursa Major) linazunguka tu bila kugusa ardhi. Nyota saba angavu za huyo Dubu ndizo zilizo kwenye bendera ya Alaska pamoja na Nyota ya Kaskazini, mchoro wa mwanafunzi Benny Benson wa mwaka 1927. Uliza pia kuhusu Yahdii, kundinyota la watu wa Gwich'in, wenyeji wa asili wa Alaska: mtu mwenye mkia aliyetanda karibu anga zima. Zile nyota saba za Dubu ni mkia wake tu. Makundinyota ya Wagiriki mtayakuta kila mahali, haya ya wenyeji ni ya kule.

Asiye na safari anaweza kufanya jaribio lote kwa Stellarium, programu ya kompyuta inayoonesha anga, ni bure. Weka latitudo 61.2 kaskazini, longitudo 149.9 magharibi.

MamaWatatu:
Kizunguzungu hamjakigusa. Macho yanasema tunaruka, sikio la ndani linasema tumekaa, tumbo linalipa. Dawa: funga macho sekunde kumi, au tazama ukingo wa kuba palipotulia. Usitikise kichwa. Mwenye mtoto mdogo akae karibu na mlango na amweleze mapema kwamba taa zitazimika. Anayeogopa giza atalia dakika mbili za mwanzo, akivuka hapo basi.

Mtazamanyota:
Tahadhari kuhusu aurora, ile mianga ya rangi ya anga la kaskazini, inapooneshwa ndani ya kuba. Picha nyingi zimeharakishwa, na kamera hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa. Nje, aurora hafifu jicho huiona kama wingu la kijivu, kwa sababu chembe za jicho zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi. Ikipata nguvu ndipo kijani kinaonekana, mwanga wa oksijeni kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150. Wekundu ni oksijeni ya juu zaidi ya 200. Anayetaka ya kweli aende mwisho wa Agosti hadi mapema Aprili, kati ya saa nne usiku na saa nane, nje ya taa za mji. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza.

Binti_Kilwa:
Kwa wa Januari: vaa tabaka, si koti moja zito, maana ndani kuna joto na koti litakulia nafasi kwenye kiti. Kamera iliyokuwa nje ifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa *kabla* ya kuingia, ikae humo hadi ipate joto la chumba. Ukiitoa mapema, unyevu wa ndani unageuka matone kwenye lenzi. Betri ya akiba iwe mfuko wa ndani wa shati. Kwenye baridi inakufa ikionesha bado ina chaji.