Hili lilikuwa kongamano la sayansi au mnada wa mashine za maabara?

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, mtanivumilia.

Nimetoka kwenye kongamano lililotangazwa kuwa la kisayansi, mada ikiwa teknolojia za maabara kwa utafiti wa sayansi za uhai. Humo ndani wauza mashine ndio waliopewa jukwaa, na sisi tunaoshika pipeti kila siku tumelipa ada ili tukae tuuziwe bidhaa.

Chukueni mada kuu ya asubuhi. Msomi mwenye shahada zake zote anatuonyesha mashine mpya ya qPCR (kipimo kinachonakili DNA mzunguko baada ya mzunguko ili kujua ilikuwepo kiasi gani), mistari kwenye slaidi imenyooka kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Dada mmoja akauliza swali la kawaida kabisa: ufanisi wa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) ni asilimia ngapi, na ulitumia jeni rejea zipi (zile zisizobadilika, za kulinganishia)? Jibu: "Hilo karibu bandani kwetu tuzungumze."

Bandani! Mwongozo wa MIQE upo tangu 2009, na umeorodhesha mambo ambayo mtu anayetoa matokeo ya qPCR anapaswa kuyaweka wazi. Ufanisi umo. Jeni rejea zimo. Tena si urembo wa kitaaluma huo. Ukipiga hesabu zako ukidhani kila mzunguko unazidisha DNA mara 2, kumbe praima zako zinazidisha mara 1.8, ukifika mzunguko wa 30 umepotoka zaidi ya mara 20. Mara ishirini, jamani! Hapo mtu anaweza kutangaza jeni imepanda, yaani inafanya kazi zaidi, wakati haijasogea popote. Na mwenyekiti wa kikao, badala ya kumbana msemaji, akasema muda umekwisha.

Halafu tunashangaa. Mwaka 2016 jarida la Nature liliwauliza watafiti 1,576, na zaidi ya 70% walisema waliwahi kujaribu kurudia jaribio la mwenzao wakashindwa. Zaidi ya nusu walishindwa kurudia hata la kwao wenyewe. Mlitegemea nini, kama swali la mbinu linajibiwa faragha na mtu wa mauzo?

Mchana ikaja zamu ya mashine za kusoma mfuatano wa DNA. Kasi, kasi, kasi. Kiwango cha makosa ya usomaji hakikutajwa, wala data zote hizo zihifadhiwe wapi na nani azichambue. Kilichoniudhi zaidi ni vitendanishi, yaani kemikali za kuendeshea vipimo. Unauziwa mashine, kumbe inakubali katriji (vikasha vya kemikali hizo) za kampuni ileile tu, zenye kichipu kinachosema hii imetumika au imepitwa na muda, na mashine inagoma. Bei ya katriji ikipanda huna pa kukimbilia. Mkataba wa matengenezo ukiisha, fundi wa nje hana hata nywila ya kuingia kwenye programu yake. Haya ndiyo maswali ya teknolojia ya maabara kwa mtu anayeifanyia kazi. Hayakupewa hata nusu saa.

Sasa sikieni sayansi ilikuwa wapi. Kwenye korido ya kuelekea chooni. Huko ndiko yalikobandikwa mabango ya utafiti, na muda wa kuyatembelea uliwekwa saa ya chakula. Kijana mmoja alikuwa na kazi safi sana kuhusu mikoplazma kwenye seli zinazokuzwa maabara. Vidudu hivi havionekani kwa hadubini ya kawaida, vinaweza kupenya chujio za mikromita 0.2 tunazoziamini, na penisilini haiviwezi kwa sababu havina ukuta wa seli. Seli zinaendelea kukua vizuri tu huku matokeo yako yote yameharibika. Alipanga njia za kuvipima, akaonyesha kontroli zake (sampuli za kulinganishia), akaeleza hata kipimo kilipomdanganya. Watu walikuwa wanampita na sahani mkononi. Huyo ndiye aliyestahili ile saa nzima ya asubuhi.

Najua kuna atakayekuja kusema wadhamini ndio wanaolipia ukumbi. Sawa, walipie. Wawe na mabanda, wagawe kalamu na mifuko (mifuko ilikuwa mizuri, sikatai). Lakini tangazo la biashara liandikwe kwenye ratiba kuwa ni wasilisho la mdhamini, lisivalishwe joho la mada kuu. Na msemaji aseme mwanzoni nani anamlipa. Majarida yanadai tamko la maslahi kwa kila makala. Jukwaani limeondolewa na nani?

Nimewaandikia waandaaji. Wamenitumia fomu ya tathmini inayouliza kuhusu chakula, ukumbi na usafiri. Sehemu ya kutathmini mawasilisho haimo.

Slaidi nazo tuliahidiwa zingetumwa kwa barua pepe. Mimi nimepokea katalogi, na sasa kuna mtu wa mauzo ananipigia simu kwa namba niliyoijaza wakati wa kujiandikisha. Kuna yeyote aliyezipata hizo slaidi? Na nani aliwaruhusu kugawa namba zetu?