Tupeane uzoefu: siku ulipoelewa ukubwa wa Australia

Wakuu, habari zenu. Naanza mimi, nanyi leteni yenu.

Nilipohamia Perth, mama kila akipiga simu aliniuliza, "Mdogo wako yuko Sydney, mbona huendi kumwangalia hata wikendi?" Nikaona ana haki. Likizo ilipofika nikaondoka na rafiki kwa gari. Ni kama kilomita 3,900, yaani Dar–Mwanza mara tatu na zaidi.

Baada ya Balladonia, kituo cha mafuta njiani, kuna kipande cha kilomita 146 kisicho na kona hata moja. Kinapita Dar hadi Chalinze. Hakuna kijiji, hakuna mama wa mahindi ya kuchoma, hakuna mtoto wa kukupungia mkono. Mahali fulani lami imechorwa alama za uwanja wa ndege, maana ndege ya madaktari hutua hapohapo barabarani. Nikajiuliza, huku porini wanamfuata nani? Kumbe ni sisi, tukipata ajali. Hapo ndipo niliogopa. Tulipopita tu Caiguna, kituo kingine, wenyeji saa zao ziko dakika 45 mbele ya Perth, na bado tuko jimbo lilelile la Western Australia.

*

Ndugu, hilo jimbo peke yake linaizidi Kongo yetu nzima, na watu wake ni milioni 3 hivi! Mimi ni wa Uvira, nimekulia kambini Nyarugusu, nyumba kwa nyumba, ukikohoa jirani anakupa pole. Kilichonichosha hapa si barabara, ni kimya. Mwezi wa kwanza nililala na redio imewashwa.

*

Nilifanya kazi shamba la ng'ombe, Northern Territory. Kutoka getini hadi nyumbani kwa tajiri tuliendesha karibu saa nzima. Watoto wake walisoma kwa masafa, mwalimu yuko Alice Springs. Zamani walitumia redio ya upepo. Shule hiyo ilianza 1951. Watoto wa enzi hizo walimjua mwalimu kwa sauti tu kabla ya kumwona uso. Na jamani, msiendeshe usiku huko, kangaruu wanajitupa barabarani.

*

Mleta mada, mdogo wako ulimkuta?

*

Nilimkuta, siku ya tano. Mama nikamtumia picha ya ile barabara. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na maji mlibeba?"