Ukoo wa Barabara ya 12

IJUMAA

Dada Mwanaidi, 06:52
Assalam aleykum wote. Mama Mkubwa katetemeka tena alfajiri hii. Saumu kanipigia, nimetoka Chumbageni na dera la kulalia. Nimemkuta jikoni, kikombe kinagonga sahani mkononi, kanga imelowa jasho mpaka mgongoni. Nimempima sukari ya damu: 2.9. Ikiwa chini ya 4 imeshuka hiyo.

Dada Mwanaidi, 06:54
Nimemkorogea vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi. Baada ya dakika 15 nimepima tena, 4.6. Ndipo akala boflo na chai. Kila mmoja asome na ajibu.

Dada Mwanaidi, 07:20
Jamani mmelala?

Rehema, 07:31
Waaleykum salaam. Pole Mama Mkubwa 🤲

Kaka Hashimu, 07:44
Pole yake. Niko zamu bandarini, nitasoma vizuri baadaye.

Dada Mwanaidi, 07:46
Jumanne alitetemeka hivi hivi akanyweshwa maji ya mwarobaini, eti sukari imepanda. Sijamtaja mtu.

Shemeji Saumu, 07:52
Umenitaja wifi. Ningejuaje imeshuka na kipimo umekaa nacho wewe Chumbageni?

Dada Mwanaidi, 07:53
Nilikichukua kwa kuwa vijiti vya kupimia viliisha na hakuna aliyechanga.

Shemeji Saumu, 07:55
Kama friji.

Kaka Hashimu, 07:56
Ya friji tuliyamaliza kwa Mjomba. Tafadhalini.

Juma, 08:10
Mama Mkubwa dawa yake vitumbua viwili vya pale kona kabla hajafungua macho 😂

Rehema, 08:11
Na mie unipitishie vinne

Juma, 08:11
Vya moto au vya jana?

Dada Mwanaidi, 08:15
Juma, hapana. Kitumbua kina mafuta, sukari yake inachelewa kuingia kwenye damu. Mtu anayetetemeka anataka cha haraka: sukari kwenye maji, soda ya kawaida nusu glasi, au juisi ya machungwa ya Muheza hayo mnayokula mkitupa maganda uani. Akishatulia ndio ale chakula.

Dada Mwanaidi, 08:19
Na ugonjwa unaanzia usiku. Jana alijidunga insulini ya kushusha sukari, akala tambi vijiko viwili akasema ameshiba, akalala. Sindano inafanya kazi usiku kucha, tumboni hamna kitu. Kwa hiyo kabla ya kulala kipande cha boflo na maziwa, au konzi ya karanga. Kopo la sukari na glasi ya maji vikae kando ya kitanda. Asifagie uwanja kabla ya kula. Dozi asiipunguze mtu kwa kichwa chake, Jumatano kliniki tukaulize.

Dada Mwanaidi, 08:20
Akizimia MSIMTIE KITU MDOMONI, atapaliwa. Mlazeni ubavu mkimbize hospitali ya Bombo.

Juma, 08:24
Sawa dada. Vitumbua nimefuta.

Mama Mkubwa, 13:37
Nimevaa miwani nimesoma yote. Msigombane kwa ajili yangu. Leo kabla Saumu hajaamka nilikuwa nimempakata Ilham. Mikono ikalegea. Nikamlaza sakafuni upesi, nikakaa hapo hapo karibu yake, nisiweze kunyanyuka wala kuita. Nilikuwa sitaki kuwaambia. Hicho cha usiku nitakula. Kipimo kirudi nyumbani.

Shemeji Saumu, 14:05
Nisamehe mama. Sikujua kama ulikuwa naye.

Dada Mwanaidi, 14:06
Nakileta leo baada ya Alasiri. Saumu nisamehe na mie.

Kaka Hashimu, 14:31
Shikamoo mama. Vijiti nalipa mimi, boksi moja.

Mama Mkubwa, 14:40
Marahaba baba.

Dada Mwanaidi, 14:42
Ahsante Hashimu. Na Jumatano? Kliniki saa 1 asubuhi, anataka mtu wa gari. Mie nina mtihani wa watoto darasani.

Rehema, 16:10
Mie Jumatano Pangani

Dada Mwanaidi, 18:55
Hashimu?

Juma, 21:12
Mama Mkubwa ameshakula cha usiku?

Shemeji Saumu, 21:40
Boflo na maziwa ya moto. Karanga kakataa, jino. Kapima 7.1. Leo Ilham analala kwangu.

Dada Mwanaidi, 21:41
Alhamdulillah. Saumu andika kwenye daftari, daktari atataka kuona.

Dada Mwanaidi, 21:58
Hashimu, Jumatano ndio au hapana?