Msafara wa kayaki kwenye mto unaokatiza mjini, watu kumi na moja: tuanze saa ngapi? Naombeni ushauri

KafiMoja (mleta uzi):
Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naombeni busara zenu. Tumepanga kushuka kwa kayaki mto unaokatiza mji wetu, kuanzia daraja la juu kule unakoingilia mjini mpaka unapomwaga baharini. Nikipima kwenye ramani ya simu ni kama kilomita 36. Tupo kumi na moja, familia na marafiki wachache, na kayaki tano za kukodi, za watu wawili wawili. Wengi ndiyo mara yao ya kwanza kushika kafi. Tarehe ipo, michango imeshakusanywa. Swali langu ni dogo tu: tuanze saa ngapi ili giza lisitukute majini? Na maji ya kunywa tubebe kiasi gani kwa kichwa? Nawasilisha.

chura_mkavu:
Ngoja waje wajuzi. Mimi nimeshakaa kwenye benchi.

Ngalawa Kuukuu:
Mkuu, kundi la wageni likijitahidi sana linakwenda kilomita 4 kwa saa, na hapo upepo hauwapigi usoni. 36 gawa kwa 4 ni saa tisa za kupiga kafi mfululizo, bado hujahesabu kula, kujisaidia na yule mmoja lazima atakayepoteza kiatu. Gawa safari iwe ya siku mbili. Halafu kama mto unaishia baharini, kipande cha mwisho hakifuati saa yako ya mkononi, kinafuata maji kujaa na kupwa. Yakijaa mto unarudi juu, mtapiga kafi mpaka mabega yaote moto huku mnaliangalia daraja lilelile. Tafuta jedwali la maji, mfike pale yanapoanza kupwa. Na mkiahirisha kwa siku moja, kumbuka muda unasogea mbele kama dakika 50. Maji ya kunywa, lita 3 kwa mtu hutajuta.
Sasa na mimi nikuulize. Huko katikati kuna nini? Sijaona bado mto wa mjini unaokwenda kilomita 36 bila mtu kuujengea kitu.

KafiMoja:
Shukrani sana mkuu Ngalawa. Hapo kwenye kupwa na kujaa umenifungua macho. Njiani ni madaraja tu na mabomba ya hapa na pale. Nimeufuata kwa gari kando kando karibu wote. Kwa hiyo saa kumi na mbili alfajiri inafaa?

Nesi wa Zamu:
Mleta uzi, hayo "mabomba ya hapa na pale" yanatoa nini? Miji mingi mifereji ya mvua na ya majitaka imeungana, mvua ikizidi vyote vinamwagwa mtoni. Paris mwaka 2024 mashindano ya triathlon (kuogelea, baiskeli na kukimbia) ya wanaume kwenye Olimpiki yaliahirishwa kwa siku moja kwa sababu mto Seine ulikuwa mchafu baada ya mvua, na hapo walishatumia fedha nyingi kuusafisha. Wewe una nini? Mvua ikinyesha kubwa, subirini siku mbili tatu. Mwenye kidonda afunike kwa plasta isiyopitisha maji au abaki nyumbani. Panya wa mjini wanakojoa kingoni, homa ya mgunda inaingilia kwenye mchubuko, machoni, mdomoni. Na haiji siku hiyohiyo, mara nyingi inakuja baada ya wiki moja au mbili, mtu ameshasahau habari za mto anadhani ni malaria. Mkipata homa na maumivu ya misuli, hasa ya miguu, mwambieni daktari mlikuwa majini.

Bibi Tausi:
Familia kufanya jambo pamoja ni heri, hongera mwanangu. Siku hizi kila mtu na simu yake. Ila hiyo michango andika kwenye daftari, kila mtu na sahihi yake. Kwetu tulichangishana safari ya ukoo, mweka hazina akanunua pikipiki, mpaka leo hatusalimiani.

Ngalawa Kuukuu:
KafiMoja, bado unanizungusha. Umesema "karibu wote". Hicho kipande ambacho gari halikukifikia kina nini? Kizingiti, yaani ukuta mfupi uliojengwa kukatiza mto, kipo au hakipo?

KafiMoja:
Kipo kimoja mkuu. Ila ni kidogo, kimo chake hakifiki hata kiunoni. Sikukitaja kwa sababu swali langu lilikuwa la muda.

Ngalawa Kuukuu:
Na mnakipitaje? Mnashuka na kubeba kayaki kingoni, au?

KafiMoja:
Hapo ndipo penyewe. Safari hii kiukweli ni ya baba mkwe wangu. Mzee amestaafu, amekulia kando ya mto huo, na alipokuwa kijana walikuwa wanakiruka kile kizingiti kwa mtumbwi. Amesema kabla macho hayajafumba anataka akiruke tena, na sisi tukimfuata. Goti lake bovu, kubeba kayaki hawezi. Nilimjibu "sawa mzee" mbele ya watu. Nyinyi mngemjibuje? Ndiye aliyenipa mke. Na jaketi za kuelea tumekodi, kila mtu ana yake.

Simba Kibogoyo:
😂😂 Baba mkwe! Mimi wangu alinipandisha juu ya paa kuziba tundu, ngazi akaiondoa akamsaidie jirani, akasahau. Nilishushwa jioni na watoto wa mtaani. Mpaka leo anasimulia kwamba mkwe wake ni fundi mzuri. Mkuu hapo huna ujanja, ruka tu.

Bibi Tausi:
Simba usimpotoshe. Mkubwa hakataliwi, ila pia hapelekwi kwenye maji mabaya. Mheshimu kwa kumlinda.

Ngalawa Kuukuu:
Jamani tuache utani kidogo. Vizingiti vifupi ndivyo vinavyoua waendesha kayaki, tena wenye uzoefu. Maji yakianguka yanazama chini ya ukuta, halafu yale ya juu yanarudi nyuma kuelekea ukutani. Kitu chochote kinachoelea kinavutwa kwenye maporomoko, kinazamishwa, kinaibuka, kinarudishwa tena. Utaona gogo linajipindua palepale mchana kutwa. Na yale maji yamejaa mapovu, kwa hiyo hata jaketi halikuinui ipasavyo. Anayejitosa kuokoa anakuwa wa pili.
Ubaya mwingine, ukitokea juu hukioni. Unaona mstari tu umenyooka, mto kama umekatika, na mkondo umeshakushika. Usitegemee kumpigia mtu kelele atakapofika hapo. Nendeni kwa miguu mapema, wekeni alama kingoni, mtoke majini mbali kabla.
Na huo mto wa ujana wake mzee haupo. Mji umeota lami na mapaa, mvua iliyokuwa inanywewa na ardhi sasa inateremka yote kwa mara moja. Maji ya chini ya ukuta yakipanda, ule mrejesho unaweza kuwa mkali zaidi hata kama anguko linaonekana dogo. Asiyeweza kubeba asibebe, wenye mabega wawili wawili wahamishe kayaki zote tano, mzee apite na mkongojo wake kwa heshima zote.

KafiMoja:
Nimekuelewa mkuu, ila naona unaogofya kupita kiasi. Wao walikiruka miaka mingi na wapo hai. Na sisi tungechagua siku maji ni machache. Tatizo ni kwamba nimeshasema ndiyo, nikigeuka sasa nitaonekana nani?

chura_mkavu:
Utaonekana mkwe aliye hai.

Nesi wa Zamu:
Waliokiruka wakafa hawaji kukusimulia, KafiMoja.

Mzee wa Hesabu:
Wakuu mnapoteza nguvu, hii ni chai. Nimerudi kusoma post ya kwanza. Watu kumi na moja, kayaki tano za watu wawili wawili. Viti kumi. Wa kumi na moja anakalia nini? Halafu huyu jamaa ameuona mto wote "kwa gari". Hajatia hata kidole majini. Ametunga, anasubiri muendelezo aupandishe kesho. Ndiyo maana hajaweka picha.

Simba Kibogoyo:
Weeee! Kweli aisee. Mleta uzi rudi hapa, mtu wa kumi na moja ni nani? Jini?

chura_mkavu:
Na mimi nilishachukua kikombe, kumbe chai yenyewe haina hata sukari.

Bibi Tausi:
Hata kama ni hadithi, kuna mtu atakayesoma akapona. Endeleeni.

Mzee wa Hesabu:
Bibi, ndivyo wanavyotudanganya kila siku na sisi tunamwaga elimu bure. Sijibu tena mpaka kiti cha kumi na moja kionekane.

KafiMoja:
Sijatunga. Wa kumi na moja ni mimi. Siingii majini. Sijui kuogelea na maji yanayotembea yananitia kizunguzungu hata nikiwa darajani. Mimi ni mratibu, nitawafuata na gari, na wao wanajua hivyo. Wanadhani ni kwa sababu ya mizigo. Sasa mnisute, nimekaa tayari.

Simba Kibogoyo:
Mratibu wa nchi kavu 😂😂😂 umewapangia wenzako kizingiti na wewe una breki za mkono!

Ngalawa Kuukuu:
Mimi simcheki. Mtu wa nchi kavu anahitajika kwenye kila msafara, na wengi wanamsahau. Awe na orodha ya majina, ajue kila mahali gari linapofika majini, apewe muda wa kila kituo, na wakichelewa ajue anampigia nani. Huo mkoba ni wako, KafiMoja. Kosa ni kwamba majini hakuna anayeongoza. Tafuteni mtu anayejua mto awe mbele, asipitwe na yeyote, na mwingine mwenye nguvu afunge nyuma, asiachwe na yeyote. Firimbi kila shingo: mlio mmoja "nitazame", mitatu "hatari", na mkubaliane hivyo kabla ya kuondoka. Fanyeni kwanza mazoezi ya nusu siku kwenye maji tulivu, kila jozi ipinduke kwa makusudi na kurudi ndani. Anayeshindwa hapo abaki nawe kwenye gari.
Kwenye nguzo za madaraja, mkisukumwa kiubavu, egemeeni upande wa nguzo. Wageni wote wanafanya kinyume, wanaegemea upande maji yanakotoka, kayaki inajaa na kujikunja. Na palipokwama matawi na takataka, kaeni mbali: maji yanapita, mtu hapiti. Boti za injini zikija, pelekeni pua kwenye wimbi.

Mzee wa Hesabu:
Hesabu imekaa. Naomba radhi kwa neno chai, ila picha bado nazitaka.

KafiMoja:
Nimeandika yote mkuu Ngalawa. Siku mbili, kubeba kizingitini, na kijana wa hapo tunapokodi aongoze. Iliyobaki ni nani wa kumwambia mzee. Mimi siwezi, nimejaribu kufungua mdomo kwenye simu nikaishia kumuuliza hali ya hewa.

Bibi Tausi:
Mwanangu, mambo ya baba mkwe hayapelekwi kwa baba mkwe. Nenda kwa mama mkwe. Mweleze taratibu, jioni, mkiwa peke yenu. Yeye ndiye atamtuliza mzee wake, na wewe utabaki mkwe mwema.

KafiMoja:
Bibi, mama mkwe ndiye anayekaa kiti cha mbele kwenye kayaki ya mzee. Na ni yeye aliyenituma niulize tuanze saa ngapi.

chura_mkavu:
Sogeeni huko kwenye benchi, naomba nilale kabisa.